Mizani Ilisingiziwa: Kisa cha Intarapti Namba 17 Ghalani Mtwara

Msimu wa korosho ukifunguliwa, maghala ya Mtwara hayalali. Malori yanateremka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi, yanapanga foleni, na kila mwenye mzigo anataka upimwe leo. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao kwa upande wa korosho ulianzia hapa Mtwara msimu wa 2007/08, kilo zilizoandikwa ghalani ndizo zinazokwenda mnadani. Mkulima halipwi kwa alichokiona kwenye mizani, analipwa kwa kilichomo kwenye karatasi. Ndiyo maana ghala moja hapa mjini, ambalo sitalitaja wala sitamtaja aliyelifungia mitambo, lilipoanza kutoa karatasi zisizokubaliana na mizani, jambo lilianza kama ugomvi kabla halijawa suala la kompyuta.

Mpangilio wa ghala hilo ni huu. Mlangoni kuna mizani ya jukwaa. Kichwa chake chenye tarakimu nyekundu kinawatazama wabebaji, na kutoka hapo waya wa siriali unakwenda mezani kwa karani, kwenye kompyuta ya mtumba inayoendeshwa na Linux. Gunia likishapimwa linawekwa kwenye mkanda unaolipandisha juu ya mrundo. Njiani linakata mwanga wa jicho la umeme, na kompyuta inaongeza moja kwenye hesabu ya magunia. Ndani ya kompyuta kuna kadi mbili za kuchomeka, za aina ya PCI: moja ya poti za siriali, nyingine ya kupokea ishara za jicho. Ya kwanza inatumia draiva (programu inayokiendesha kifaa) ya kawaida, inayokuja na keneli, yaani kiini cha Linux. Ya pili ina draiva iliyoandikwa kwa ajili ya kazi hii tu.

Malalamiko yalikuwa kwamba mizani inaiba. Wakala wa Vipimo walikuwa wameshaikagua kabla ya msimu na stika yao ilikuwepo. Fundi wa ghala akapanga mawe ya majaribio juu ya jukwaa, tarakimu nyekundu zikasoma sawasawa. Akabadilisha waya wa siriali. Akabadilisha poti. Siku ikaanza vizuri, mchana ugomvi ukarudi. Wakizima na kuwasha kompyuta mambo yanatulia kwa muda, na ikawa ndiyo dawa: "zima, washa, endelea."

Aliyeleta ushahidi wa kwanza wa maana hakuwa fundi. Alikuwa mama mmoja, mwakilishi wa chama cha msingi, aliyekaa upande wa wabebaji na daftari la mistari akinakili tarakimu nyekundu za kila gunia. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanifungulia ukurasa bila maneno mengi. "Mwanangu, mizani yenu haina neno. Angalia hapa na hapa."

Daftari lilisema magunia matatu yaliyofuatana yalikuwa na kilo 80.4, 78.9 na 81.2. Stakabadhi ilisema 80.4, 80.4 na 81.2. Gunia la pili lilikuwa limevaa uzito wa gunia la kwanza. Ukipitia ukurasa mzima unakuta mtindo ule ule: namba yenye kosa haikuwa namba ya kubuni, ilikuwa namba ya jirani yake wa juu. Hilo peke yake lilitosha kuitoa mizani kwenye orodha ya washukiwa. Mizani mbovu hutoa uzito mbaya. Hii ilikuwa inatoa uzito mzuri, ila wa gunia lililopita.

Mtindo huo ndio pia ulioficha kosa kwa muda mrefu. Ghala lilikuwa likilinganisha jumla ya kila lori na mizani ya magari, na jumla zilikaribiana. Lazima zikaribiane: kama kosa ni kurudia uzito wa gunia lililotangulia, gunia moja linazidishiwa na lingine linapunguziwa, na kwenye mamia ya magunia tofauti zinafutana. Anayeumia ni mwenye magunia machache, hasa yule ambaye gunia lake la kwanza linarithi uzito wa gunia la mwisho la mtu mwingine.

## Namba inayosimama huku data ikitembea

Swali likawa: kwa nini skrini ya karani inachelewa kuliko kichwa cha mizani? Kichwa kile kilikuwa kimewekwa kutuma mstari mmoja mara 5 kwa sekunde, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila mstari herufi 18 pamoja na mbili za kufunga mstari. Kwa kasi hiyo, herufi moja ikibeba biti kumi, zinapita herufi 960 kwa sekunde, yaani mstari mzima unamalizika ndani ya milisekunde 19 hivi. Hakuna kompyuta, hata ya mtumba, inayolemewa na mzigo huo.

Nikaangalia `/proc/interrupts` wakati tatizo likiendelea. Faili hili linaonyesha kila laini ya intarapti, yaani njia ambayo kifaa hutumia kuomba prosesa ikihudumie, imeita mara ngapi tangu kompyuta iwake, na ni draiva zipi zinazoitegemea. Mstari wa 17 ulikuwa na majina mawili: poti ya siriali na jicho. Hesabu yake ilikuwa imeganda. Ukisoma tena baada ya dakika, namba ni ile ile. Lakini mizani ilikuwa bado inaleta uzito kwenye skrini, kwa kusuasua. Data inafika bila intarapti? Basi kuna mtu anaichota kwa njia nyingine.

Jibu lilikuwa kwenye kumbukumbu za keneli, na lilikuwa limekaa humo muda wote:

```
irq 17: nobody cared (try booting with the "irqpoll" option)
Disabling IRQ #17
```

Maana yake ni kwamba laini ya 17 imeita, imeita, imeita, na kila draiva iliyoulizwa imejibu "si yangu". Keneli ikachoka, ikaifunga laini.

Utaratibu wenyewe ni huu. Tangu 2003, enzi za keneli za 2.5, kila kipokezi cha intarapti katika Linux, yaani ile funksheni ya draiva inayoitwa kifaa kinapoomba kuhudumiwa, kinatakiwa kurudisha jibu: `IRQ_HANDLED` kama kilikuwa na kazi ya kufanya, `IRQ_NONE` kama kifaa chake hakikuita. Keneli inahesabu majibu hayo. Katika kila intarapti 100,000 za laini moja, kama zaidi ya 99,900 hazikupata mwenyewe, inaamua kwamba kuna kifaa kimekwama kikipiga kelele, inaifunga laini na kuandika ujumbe ule. Bila kinga hiyo kompyuta nzima ingeganda, kwa sababu prosesa isingefanya kazi nyingine zaidi ya kuitika.

Baada ya kuifunga laini, keneli haiwatupi kabisa waliokuwa wakiitegemea. Kama laini ni ya kushirikiana, inaweka saa: kila baada ya sehemu ya kumi ya sekunde hivi inapita kwa kila kipokezi cha laini ile na kukiuliza kama kuna kazi. Huyo ndiye aliyekuwa akichota data ya mizani.

Sasa piga hesabu. Chipu ya siriali ya aina ya 16550A ina foleni ya herufi 16. Kwa 9600, foleni hiyo inajaa ndani ya milisekunde 17 hivi. Keneli inakuja kuichota baada ya milisekunde 100. Mstari wa mizani una herufi 18. Kama mstari wote umeingia kati ya ziara mbili za keneli, herufi 16 za kwanza zinabaki na mbili za mwisho zinapotea, na mbili hizo ndizo zinazofunga mstari. Hivyo mstari unagandana na unaofuata, programu inaona urefu si wake, inautupa. Mstari unaopona ni ule ambao ziara ya keneli imeangukia katikati yake: nusu imechotwa sasa, nusu itachotwa baadaye, na foleni haijafurika. Hata huo wa kwanza kupona unaliwa na uchafu uliotangulia, kwa sababu ndio unaoufunga. Ukiweka yote pamoja, skrini iliyopaswa kubadilika mara 5 kwa sekunde ilikuwa inabadilika kila baada ya sekunde mbili, tatu.

Faili la `/proc/tty/driver/serial` lilithibitisha: alama ya `oe`, inayohesabu mara ambazo foleni imefurika, ilikuwa inapanda mbele ya macho.

Hapo tabia yote ya kisa ikaeleweka. Wabebaji wakiwa wamechoka na gunia linakaa juu ya jukwaa kwa muda, karani anapata uzito sahihi. Wakiwa na kasi, na karani naye ana kasi, kitufe kinabonyezwa kabla skrini haijabadilika. Watu walidhani tatizo linakuja mchana kwa sababu ya joto. Mchana ndipo malori yanapokuwa mengi.

## Kwa nini jicho liliachiwa huru

Nani basi aliyekuwa akipiga kelele kwenye laini ya 17? Wako wawili tu, siriali na jicho. Draiva ya siriali ya Linux imepita kwenye mikono mingi kwa miaka mingi, nami sikuanza nayo. Lakini fundi wa ghala alinizuia: jicho amelipima tayari. Alikuwa ameiondoa draiva yake kwa amri ya `rmmod`, akawasha upya programu ya mizani, na tatizo likarudi vile vile. Tena, wakati skrini ya mizani inasuasua, hesabu ya magunia ilikuwa sahihi kabisa. Kwa akili ya kawaida, kifaa kinachofanya kazi vizuri, na ambacho ukikiondoa tatizo linabaki, hakina hatia.

Hoja zote mbili zilikuwa za kweli, na zote mbili zilipotosha. Ili kuona kwa nini, inabidi kuelewa laini ya intarapti ya PCI inavyofanya kazi.

Laini hizo ni za kiwango, si za mpigo. Kifaa hakipigi kelele mara moja na kunyamaza. Kinaivuta laini chini na kuishikilia hivyo mpaka draiva yake iende kwenye rejista inayohusika (kisanduku kidogo cha data ndani ya kadi) na kukiambia "nimeona". Ndiyo maana vifaa kadhaa vinaweza kuchangia laini moja: yeyote akivuta, laini iko chini. Ni kama nyumba ya wapangaji wenye mlango mmoja wa mbele. Mgeni anagonga, kila mpangaji anaulizwa kama mgeni ni wake, na mgeni mwenyewe haachi kugonga mpaka mwenyeji wake afungue. Kama mwenyeji anachungulia dirisha la barabarani badala ya kutazama mlangoni, anaona barabara tupu na kusema "si wangu", kugonga kutaendelea hadi mwenye nyumba apige komeo. Siku hiyo wageni wa wapangaji wengine nao watabaki nje.

Draiva ya jicho ilikuwa inachungulia dirisha la barabarani. Kadi ile ina rejista mbili zinazohusika. Moja inaonyesha hali ya ingizo kwa sasa: mwanga umekatwa au haujakatwa. Nyingine ni lachi: inakumbuka kwamba mwanga ulikatwa, hata kama sasa umerudi, na ndiyo inayoivuta laini mpaka ifutwe kwa kuandikiwa moja. Kipokezi kiliandikwa hivi:

```c
static irqreturn_t jicho_irq(int irq, void *dev)
{
    struct jicho *j = dev;

    if (!(ioread8(j->base + INGIZO) & BITI_JICHO))
        return IRQ_NONE; /* hakuna gunia, si yangu */

    iowrite8(BITI_JICHO, j->base + LACHI);
    hesabu_gunia(j);
    return IRQ_HANDLED;
}
```

Kwa gunia la kweli msimbo huu hauna shida. Gunia linakaa mbele ya jicho sekunde nzima na zaidi, kipokezi kinaitwa ndani ya maikrosekunde chache, kinakuta mwanga bado umekatwa, kinafuta lachi, kinahesabu. Ukiujaribu mezani kwa kupitisha mkono, hautakuonyesha kosa hata ukipitisha kutwa. Mkono nao ni mzito mno kwa saa ya prosesa.

Shida inakuja na tukio fupi kuliko muda wa kipokezi kuitwa. Lachi imelinasa, laini imeshuka, kipokezi kinafika na kukuta ingizo limesharudi. Kinajibu `IRQ_NONE` na kuondoka bila kufuta kitu. Laini bado iko chini. Prosesa ikitoka tu, inaitwa tena. Na tena. Kila mzunguko unagharimu maikrosekunde chache, kwa hiyo laki moja inatimia haraka kuliko gunia jingine kufika mbele ya jicho. Mizani nayo katika muda huo inatoa intarapti zake halali, lakini ni chache, haziwezi kufika mia moja zinazohitajika kuinusuru laini. Cha ajabu ni kwamba kifaa chenye maneno mengi zaidi kwenye laini ile ile kingeweza kuizuia keneli isifunge, na tungebaki na kompyuta inayoganda ovyo bila ujumbe wowote.

Na kwa nini hesabu ya magunia ilibaki sahihi? Kwa sababu keneli, baada ya kufunga laini, inakipitia pia kipokezi cha jicho kila sehemu ya kumi ya sekunde. Gunia linakata mwanga kwa muda mrefu kuliko huo, kwa hiyo halikosekani. Na `hesabu_gunia` ilikuwa na kinga ya kutohesabu mara ya pili kabla sekunde tatu hazijapita, kwa hiyo halizidishwi. Mwenye kosa anaweza kuishi kwa kuchotwa mara kumi kwa sekunde bila kupungukiwa. Jirani yake mwenye foleni ya herufi 16 hawezi.

Lile jaribio la `rmmod` ndilo lililonifurahisha zaidi. Draiva ilipoondolewa, iliachia kipokezi chake lakini haikuiambia kadi inyamaze. Kadi ikabaki na ruhusa ya kuita. Gunia la kwanza kupita mbele ya jicho likaiwasha lachi, laini ikashuka, na sasa hapakuwa hata na mwenyeji wake wa kuulizwa. Laini ikafungwa papo hapo. Fundi aliona tatizo limebaki pale pale. Kumbe lilikuwa limebadilika: kwa draiva ikiwepo lilikuwa likitokea kwa kuvizia, kwa draiva ikiwa imeondolewa lilitokea kwa gunia la kwanza kila mara. Nilipomuuliza lilichukua muda gani kurudi, akasema, "Ah, kaka, hata dakika haikwisha." Neno hilo ndilo lililolirudisha jicho kizimbani.

## Tukio fupi lilitoka wapi

Kilichobaki ni kujua nini kinalikata jicho kwa maikrosekunde. Vumbi la korosho lilitajwa, na nyuzi za magunia, na jua la jioni linaloingia mlangoni. Hakuna hata kimoja chenye kasi hiyo. Uzi unaoning'inia kwenye gunia, kwa mwendo wa mkanda ule, unakaa mbele ya mwanga kwa milisekunde kadhaa, na kipokezi kingeuwahi bila wasiwasi. Kitu chenye kasi ya maikrosekunde ni umeme.

Saa zilizoandikwa kwenye kumbukumbu za keneli zililinganishwa na za kijana anayeendesha mkanda. Kila mara laini ya 17 ilipofungwa, mkanda ulikuwa umetoka kuwashwa au kuzimwa. Tukaujaribu bila gunia lolote: washa, zima, washa, zima. Si kila mara, lakini haikuchukua muda ujumbe ukatokea. Nje ya ofisi, waya wa jicho na waya wa mota ya mkanda vilikuwa vimepitishwa kwenye bomba moja. Kontakta, yaani swichi ya mota, ikikata umeme, mshtuko unaruka kutoka waya mmoja kwenda mwingine, unaingia kwenye kadi kama ishara fupi mno, na lachi inaunasa. Msimu uliopita waya hizo zilipita njia mbili tofauti. Ziliunganishwa wakati ukuta ukikarabatiwa. Ndiyo maana draiva ile ile, yenye kosa lile lile, ilimaliza msimu mzima uliopita bila malalamiko.

Fundi umeme alitaka kutenganisha waya tu na kufunga mjadala. Zilitenganishwa, na kapasita na resista zikawekwa kwenye koili ya kontakta. Lakini mimi nilishikilia kwamba draiva irekebishwe kwanza, hata kabla ya waya. Kelele za umeme zitarudi kwa njia nyingine: jenereta, radi, kutu kwenye viungio kwa hewa hii ya bahari. Draiva inayoangushwa na mpigo mmoja wa maikrosekunde haistahili kushirikiana laini na mizani ya watu.

Kipokezi kipya ni hiki:

```c
static irqreturn_t jicho_irq(int irq, void *dev)
{
    struct jicho *j = dev;

    if (!(ioread8(j->base + LACHI) & BITI_JICHO))
        return IRQ_NONE;

    iowrite8(BITI_JICHO, j->base + LACHI);
    ioread8(j->base + LACHI); /* andiko lifike kwanza */

    if (ioread8(j->base + INGIZO) & BITI_JICHO)
        hesabu_gunia(j);
    else
        j->kelele++;
    return IRQ_HANDLED;
}
```

Swali la kwanza linaulizwa kwa lachi, kwa sababu lachi ndiyo inayovuta laini. Kama gunia lipo au halipo ni swali la pili, na jibu lake halibadilishi ukweli kwamba kadi yetu ndiyo iliyoita. Kelele nayo inarudishiwa `IRQ_HANDLED`. Imehudumiwa, hata kama huduma yenyewe ni kuifuta. Lachi inafutwa kabla ya kuhesabu, si baada, ili tukio jipya likija katikati ya kazi lisifutwe pamoja na la zamani. Ule usomaji unaoonekana wa bure baada ya kuandika una kazi yake: maandiko yanayopita kwenye PCI kwenda kwenye kumbukumbu ya kadi yanaweza kukaa njiani kidogo, na usipoyasukuma kwa kusoma, kipokezi kinaweza kutoka huku kadi bado inavuta laini. Hapo kinaitwa mara moja ya ziada na kukuta lachi tupu. Hilo lisingetosha kufunga laini, lakini linachafua hesabu za `/proc/irq/17/spurious`, panapohesabiwa intarapti zisizo na mwenyewe, na faili hilo ningependa liwe safi ili siku nyingine lisemapo neno liaminike.

Kuna aliyependekeza kuhamishia kazi kwenye uzi wa pembeni (kazi inayoendeshwa kando na kipokezi) kwa `request_threaded_irq`, iliyokuja na keneli 2.6.30 mwaka 2009. Nilikataa. Kwa laini ya kiwango, njia hiyo kwa kawaida inataka laini ifungwe mpaka uzi umalize, na wanaoshirikiana laini wote wakubaliane na masharti hayo. Mizani ingekuwa inasubiri gunia lihesabiwe. Kazi yetu ni kuongeza namba moja na kuandika saa, haihitaji uzi. Kuna pia ushauri wa ujumbe wenyewe wa keneli, wa kuwasha kwa `irqpoll`, ambao ni kuwapigia hodi wapokezi wa laini zote. Unaweza kumsaidia mtu kufika kesho, na kwa sababu hiyo hiyo ungetunyima ushahidi. Intarapti za ujumbe, yaani MSI, ambazo hazina kabisa habari ya kushirikiana laini, zingelimaliza jambo mapema. Kadi hizi za zamani hazina uwezo huo.

Baada ya draiva mpya kuwekwa, na kabla waya hazijatenganishwa, mkanda uliwashwa na kuzimwa makusudi. Namba ya `kelele` ilipanda, mstari wa 17 uliendelea kuhesabu, na `oe` ya siriali ilitulia. Waya zilipotenganishwa, `kelele` nayo ikawa inakaa bila kubadilika kwa zamu nzima.

Programu ya karani nayo haikusalimika. Ilikuwa inaonyesha uzito wa mwisho uliosomeka bila kujali ni wa lini, kwa rangi ile ile na ukubwa ule ule. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa zito kuliko la draiva, maana draiva ilichelewesha namba, ila programu ndiyo iliyoipa namba iliyochacha sura ya namba mpya. Sasa usomaji ukizidi umri wa sekunde moja skrini inafutika, inabaki mistari mitupu, na kitufe cha kuandika kinakataa. Vilevile haikubali gunia jipya mpaka mizani ishuke karibu na sifuri kwanza. Makarani walinung'unika siku za mwanzo kwamba inawachelewesha.

Stakabadhi zilizokwishatolewa zilipitiwa kwa kutumia daftari la yule mama, pale lilipokuwepo. Vyama ambavyo havikuwa na mtu wa kunakili tarakimu nyekundu havikuwa na cha kulinganisha, na makubaliano yao na uongozi wa ghala yalifanyika mezani, si kwenye kompyuta.

Wakati wa kusoma draiva ile kwa mara ya mwisho yalionekana mengine mawili ya ukoo ule ule. Ilikuwa inairuhusu kadi kuita kabla haijasajili kipokezi chake, kwa hiyo kompyuta ikiwaka huku gunia limesimama mbele ya jicho, laini ingeweza kufungwa kabla ya kazi kuanza. Sasa inazima ruhusa ya kadi, inafuta lachi, inasajili kipokezi, ndipo inairuhusu. Na wakati wa kuondoka inakwenda kinyume chake: inaizima kadi kwanza, inasoma rejista kuhakikisha amri imefika, kisha ndipo inaita `free_irq` ili kuachia kipokezi. Fundi alirudia lile jaribio lake la `rmmod` mbele yetu, magunia yakapita mbele ya jicho bila kuhesabiwa, na mizani ikaendelea kusoma mara tano kwa sekunde.